Vyungu vya Mlangoni Majira ya Baridi

Impatiens walleriana, ua linalojazwa kwenye vyungu na vikapu vya kuning'inia kote Uingereza kuanzia Mei, asili yake ni misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya kushuka hadi Msumbiji. Kiangazi kizima huchanua bila kudai mengi. Kisha usiku mmoja wa Oktoba au Novemba jalidi ya kwanza inashuka, maji yaliyomo ndani ya shina lake yanaganda, na kukipambazuka kilichobaki chunguni ni utelezi wa rangi ya kahawia.

Wengi hukiacha chungu hivyo hivyo mpaka Aprili. Hiyo ni miezi mitano ya kutazama udongo mtupu, tena miezi ambayo macho yana njaa ya rangi kuliko wakati wowote wa mwaka. London, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo wa macho. Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa, ambako saa za mchana na za usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huona kama vile siku imekatwa katikati.

Hata hivyo, kuna mimea mingi iliyozaliwa na baridi. Mingine inatoka milima ya Alps, mingine Japani, mingine Himalaya, na yote inapatikana katika maduka ya kawaida ya mimea kuanzia Septemba. Kazi iko katika kuchagua, na uchaguzi wa majira haya hauendi kwa kanuni za kiangazi.

Kanuni ya kwanza inayobadilika ni hii: chungu cha baridi hakikui. Joto likishuka chini ya nyuzi 6 hivi, mimea mingi husimama mahali ilipo. Mwezi Mei mtu hupanda miche mitatu midogo katika chungu kikubwa, akijua kwamba kufikia Julai itakuwa imejaa na kumwagika pembeni. Akifanya hivyo Novemba, atakaa na miche mitatu midogo na udongo mwingi mpaka Machi. Kwa hiyo chungu cha baridi kinatakiwa kionekane kimekamilika siku ile ile kinapopandwa. Mimea inunuliwe ikiwa tayari na maua, matunda au rangi ya majani inayotakiwa, na ipangwe karibu karibu, mabonge ya mizizi yakikaribia kugusana. Gharama kwa kila chungu inapanda, ndiyo. Dawa yake ni kupunguza idadi ya vyungu: viwili vilivyoshiba karibu na mlango vinapendeza kuliko vinane vyenye nafasi wazi vilivyotawanywa uani.

Na mahali penyewe pachaguliwe kwa macho ya Januari. Kiangazi watu hukaa nje, kwa hiyo vyungu huwekwa popote penye viti. Majira ya baridi hakuna anayekwenda kukaa kwenye kibaraza cha nyuma; bustani hutazamwa kupitia dirisha la jikoni, au kwa sekunde chache mtu anapotafuta funguo mlangoni. Chungu kiwekwe hapo. Kwa kuwa wengi huondoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeshaingia, rangi nazo zihesabiwe upya. Zambarau iliyokolea na nyekundu ya damu ya mzee hupendeza sana dukani chini ya taa, lakini mlangoni saa 10 na nusu jioni humezwa na giza. Nyeupe, manjano na kijani chenye mabaka ya dhahabu huendelea kuonekana hata kwa mwanga hafifu wa taa ya barabarani.

Kabla ya kutoa pesa, kadi iliyochomekwa kwenye mche isomwe. Maduka mengi ya Uingereza hutumia viwango vya uvumilivu wa baridi vilivyowekwa na Royal Horticultural Society, yaani RHS, kuanzia H1 hadi H7. H2 ni mmea usiostahimili jalidi kabisa. H4 unavumilia mpaka kati ya nyuzi 5 na 10 chini ya sifuri, H5 mpaka 15 chini ya sifuri. Kwa mmea utakaokaa chunguni, ni busara kupanda daraja moja juu ya ile inayotosha ardhini, kwa sababu ardhi huikinga mizizi kama blanketi, ilhali chunguni baridi huingia kutoka pande zote. Mtu wa London anaweza kucheza na H4. Wa Aberdeen aanzie H5.

Kadi hiyo ndiyo inayofichua mtego wa siklameni. Zile kubwa zenye maua ya kung'aa zinazorundikwa karibu na milango ya supamaketi kila Novemba ni Cyclamen persicum, mmea wa mashariki ya Mediterania, na jalidi kali moja inatosha kuziangusha. Ndogo zake huweza kuvumilia kidogo zikiwekwa chini ya paa la mlangoni, lakini ni kwa bahati. Anayetaka siklameni ya kudumu aulize Cyclamen coum. Ni fupi, haifiki hata urefu wa kiganja, maua yake ni ya waridi, zambarau au meupe, na hutoka Januari na Februari, wakati mwingine yakichungulia juu ya theluji. Majani yake ya mviringo, mengine yenye mabaka ya fedha, yanatosha kuwa pambo hata kabla ya ua la kwanza.

Maua ya wengi, hata hivyo, ni pansi na viola. Wauzaji husukuma pansi kwa sababu ua lake ni kubwa na linavutia jicho, lakini mwenye nafasi ndogo angefanya vizuri kuchagua viola. Ua kubwa la pansi likinyeshewa siku mbili hulowa, huinama, hukwama kwenye majani na kuoza. Maua madogo ya viola hujikung'uta na kusimama tena mvua inapokatika, na mche mmoja hubeba mengi kwa wakati mmoja. Yote mawili yanapenda maua yaliyonyauka yachumwe kila wiki, pamoja na kikonyo chake. Yakiachwa yakafunga mbegu, mmea huona kazi yake imekwisha. Wakati wa baridi kali hayatachanua sana, na hapo watu hukata tamaa wakayang'oa. Yaachwe. Machi ikifika hulipa deni lote, na huendelea mpaka Mei.

Erika ni jamii ambayo baadhi ya wasomaji wameshakutana nayo bila kujua. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, akapita katikati ya kambi za Mandara na Horombo, alitembea katika ukanda wa Erica, vichaka na miti yenye majani membamba kama sindano, mahali ambapo usiku baridi hukaribia kugandisha na wakati mwingine hugandisha. Ndugu yao wa Ulaya, Erica carnea kutoka Alps, ni mfupi, hutambaa, na hujaa vikengele vyeupe au vya waridi kuanzia katikati ya majira ya baridi hadi Aprili. Sifa yake kubwa ni kwamba havumilii baridi tu. Huvumilia pia udongo na maji yenye chokaa, jambo ambalo jamaa zake wengi hawaliwezi. Madukani, karibu yake, huwa kumepangwa vichaka vya aina hiyo vilivyopuliziwa rangi ya buluu, machungwa au kijani cha kung'aa. Hiyo ni rangi ya kopo. Vipite tu.

Halafu kuna majani. Wapanda bustani wazoefu hutegemea majani kuliko maua katika miezi hii, kwa kuwa jani halinyauki kwa mvua ya siku mbili. Kabichi za mapambo na sukuma wiki ya mapambo, zenye majani yaliyojikunja kama marinda ya gauni, ni spishi ile ile ya Brassica oleracea inayokatwakatwa jikoni Nairobi kila jioni. Hizi zimechaguliwa kwa rangi: katikati nyeupe, waridi au zambarau, pembeni kijani. Rangi hukolea usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo anayezinunua mapema Septemba zikiwa bado za kijani asidhani ameuziwa sukuma ya kawaida. Zina maadui wawili, konokono na njiwa, na njiwa wa Uingereza wakishaigundua sukuma hawaiachi hadi ibaki mishipa. Ingawa ni jamii ya mboga, zisiishie sufuriani: vitalu vya maua hupuliza dawa ambazo hazikukusudiwa chakula.

Kwa urefu na uzito katikati ya chungu, skimia ni chaguo gumu kupingwa. Skimmia japonica 'Rubella' hushika vitumba vyekundu vilivyosongamana tangu vuli, hukaa navyo hivyo majira yote, kisha Machi au Aprili hufungua maua madogo yenye harufu nzuri. Mwenye 'Rubella' asisubiri matunda, maana ni dume. Mimea kadhaa ya msimu huu ina dume na jike mbalimbali, na asiyejua huishia kungoja bure. Mholi ndio wenye vichekesho: aina iitwayo 'Golden King', mfalme, ni jike na huzaa matunda mekundu, 'Silver Queen', malkia, ni dume na hautazaa maisha yake yote. Anayetaka matunda ya skimia bila kuhangaika na ndoa za mimea anunue Skimmia japonica subsp. reevesiana, ambayo ina viungo vyote viwili katika ua moja.

Skimia haipendi chokaa, na maji ya bomba ya London na sehemu kubwa ya kusini mashariki mwa Uingereza yamejaa chokaa, ile ile inayoganda ndani ya birika. Ipandwe katika mboji maalumu ya mimea inayopenda uchachu, na inyweshwe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye ndoo. Dalili ya kwanza ya kukosea ni majani kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Mshirika wake mzuri ni Gaultheria procumbens, kijimmea cha misitu ya Amerika Kaskazini kinachotambaa ukingoni mwa chungu. Kina matunda mekundu ya mviringo, na majani yake ya kijani hupata wekundu wa shaba baridi inapokaza. Ukisugua jani moja kati ya vidole, harufu inayotoka ni ile ya dawa ya kuchua misuli iliyotapakaa katika vyumba vya kubadilishia nguo vya wachezaji mpira, na sababu ni moja: mafuta ya methili salisileti. Chungu cha kipenyo cha sentimita 40 kinashiba kwa skimia moja katikati, gaulteria mbili mbele, viola nyeupe tatu au nne, na mche wa aivi wenye mabaka ukining'inia upande mmoja.

Kabla ya kufunika, chini ya viola hizo hizo zifukiwe tunguu ndogo: za krokasi, za Iris reticulata, za nasisi fupi aina ya 'Tête-à-tête'. Kina ni mara tatu ya urefu wa tunguu yenyewe. Zinapandwa Septemba au Oktoba na zitajitokeza zenyewe Februari na Machi. Tahadhari moja tu: tunguu za nasisi hufanana sana na vitunguu vya kupikia na zina sumu, kwa hiyo mfuko wake usikae jikoni.

Harufu ni jambo ambalo watu wa Pwani hulikumbuka kwanza. Ukutani mwa nyumba nyingi za Uingereza mwezi Januari huonekana vijiti vya kijani vilivyojaa maua ya manjano, na kadi yake husema ni asumini: Jasminum nudiflorum, iliyoletwa kutoka China mwaka 1844 na mtafuta mimea Robert Fortune. Anayetoka Lamu au Unguja atainama anuse, na hatapata kitu. Ua hilo halina harufu yoyote. Kwa rangi ni hodari na hukubali hata ukuta unaotazama kaskazini, lakini wa kutengenezea kikuba atafute mwingine.

Mwingine huyo ni Sarcococca confusa. Ukiwa dukani hauna la kusema: kichaka kifupi, majani ya kijani yanayong'aa, maua meupe membamba kama nyuzi ambayo mtu huyaona tu akisogea karibu. Lakini Desemba hadi Februari harufu yake, tamu yenye asali ndani yake, huenea hatua kadhaa na humpokea mgeni kabla hajagonga. Hupenda kivuli, huishi chunguni miaka mingi, na huvumilia kusahauliwa. Kama kuna mmea mmoja tu wa kununua kwa ajili ya mlango wa ghorofani usiopata jua, ni huu.

Mimea hii inapokufa, lawama hutupiwa baridi. Mara nyingi muuaji ni maji. Mboji nyingi za kawaida hushika unyevu kama sifongo, mvua haikatiki, na mizizi iliyosimama ndani ya tope baridi huoza. Mboji ichanganywe na changarawe ndogo, kiasi cha robo hivi. Chungu kiinuliwe kwa vijiguu vitatu au vipande vya matofali ili tundu la chini libaki wazi. Hilo linakiokoa chungu chenyewe pia: maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na udongo wa kuchoma uliolowa hupasuka vipande. Vyungu vya udongo vinavyouzwa kwa bei ya chini havikuchomwa kwa moto mkali, na vinafaa kufungwa nailoni yenye mapovu usiku wa baridi kali, au kuachiwa kiangazi.

Upande wa pili wa shilingi ni kiu. Chungu kilicho chini ya paa la mlango au kilichobanana na ukuta hakipati tone hata mvua ikinyesha wiki nzima, na upepo wa Februari hukausha majani kama pasi. Kidole kiingizwe kwenye mboji mpaka fundo la pili. Kikitoka kikavu, maji yatiwe asubuhi ya siku isiyo na jalidi. Mbolea haitakiwi mpaka Machi. Na chumvi inayomwagwa njiani ili watu wasiteleze isiangukie chunguni.

Kwenye matuta ya ardhini mchezo hubadilika, kwa sababu hapo nafasi ipo na vijiti vyenyewe huwa maua. Wa kwenda kujifunza wana pa kwenda. Bustani ya baridi iliyomo ndani ya Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilipandwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na waliobuni waliweka vichaka vya Cornus mahali ambapo jua la chini la alasiri huvipiga kutoka nyuma. Vijiti vyekundu vya Cornus alba 'Sibirica' na vya rangi ya moto vya Cornus sanguinea 'Midwinter Fire' huwaka kweli kweli vikisimama hivyo. Vikiwekwa kivulini hubaki vijiti. Maili chache kutoka hapo, katika bustani ya Anglesey Abbey, njia ya majira ya baridi hupinda pinda katikati ya rangi na harufu mpaka ikamfikisha mtembezi kwenye kundi la mibetula ya Himalaya yenye magome meupe kama chokaa, chini yake ardhi ikiwa wazi. Katika bustani ya nyumbani mbetula mmoja unatosha, na gome lake likishika ukijani huoshwa kwa maji na brashi laini.

Mwenye tuta la mita tatu hawezi kuiga yote hayo, na asijaribu. Afadhali achague Cornus moja, azungushe Erica carnea nyeupe chini yake, na pembeni aweke heleboro mbili. Helleborus × hybridus huchanua Februari na Machi, maua yameinamia chini, ya rangi ya krimu, waridi au zambarau inayokaribia weusi, na kwa kuwa humea tofauti tofauti kutokana na mbegu, yafaa kuinunua ikiwa imechanua ili mtu ajue anachobeba. Majani ya mwaka uliopita yakatwe Desemba au Januari, kabla vitumba havijainuka. Huwa yana madoa meusi ya kuvu na huficha maua. Mmea wote una sumu, kwa hiyo glavu zivaliwe, na penye watoto wanaotia kila kitu mdomoni upandwe nyuma ya tuta.

Cornus ina masharti yake. Rangi kali iko kwenye vijiti vya mwaka mmoja tu. Vikizeeka hugeuka kahawia. Kwa hiyo mwishoni mwa Machi, ukiwa na mizizi iliyoshika vizuri, mmea hukatwa karibu na ardhi, kukibaki vigutu vya sentimita chache, kazi inayoogopesha mara ya kwanza. Asiye na moyo akate theluthi moja ya vijiti vizee kila mwaka. Vilivyokatwa visitupwe. Vipunguzwe viwe vya sentimita 20 hadi 25, vichomekwe theluthi mbili ndani ya udongo pembeni mwa bustani, upande wa chini ukiwa chini, na viachwe mwaka mzima. Vingi vitashika mizizi, na vitakavyozidi nafasi ni vya kumpelekea jirani.